Watoto Wetu na Mlima wa Udzungwa

Watu wa Mang'ula, Sanje, Msolwa na vijiji vingine vya bonde la Kilombero wanauona mlima wa Udzungwa kila wanapofungua mlango asubuhi. Wanalima chini yake, wanakunywa maji yake, na mvua ikinyesha huko juu wanasikia mto unavyonguruma usiku. Lakini tulipouliza katika darasa moja la kisomo huko bondeni ni nani aliyekwisha kufika kwenye maporomoko ya Sanje, wazee walinyoosha mikono. Tulipouliza ni nani aliyempeleka mtoto wake, mikono ikashuka yote. Mama mmoja akasema, "Mwanangu anaujua mlima kwa macho tu, kama anavyoujua mwezi."

Basi tumeona tuandike juu ya safari ya kuwapeleka watoto mlimani. Siyo safari ya kupanda mpaka kileleni. Ni safari ya siku moja, ya kutoka asubuhi na kurudi jioni.

Tuanze na maana ya maneno. Hifadhi ya taifa ni eneo lililowekwa na sheria ili miti, wanyama na maji vibaki bila kuharibiwa. Hakuna kulima humo, hakuna kuchunga, hakuna kuwinda wala kukata miti. Mtu haruhusiwi kukaa humo, ila anaruhusiwa kuingia kutembea kwa kufuata utaratibu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990. Hakuna barabara ya gari inayoingia ndani. Mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni, wote wanatembea kwa miguu.

Kabla ya mwaka 1992 sehemu ya mlima huu ilikuwa msitu wa akiba wa Serikali, na watu waliingia kutafuta kuni, dawa na mboga. Mtoto alimfuata mama yake msituni, na huko ndiko alikojifunza majina ya miti. Hifadhi ilipoanzishwa mambo hayo yalipunguzwa. Ilibaki ruhusa ya kuokota kuni zilizoanguka, siku moja kwa wiki. Ruhusa hiyo nayo iliondolewa mwaka 2011. Hatutaki kulipita jambo hili kama halikuwapo. Akina mama waliumia. Wengine walianza kupanda mijohoro na misederea karibu na nyumba, wengine wakajenga majiko banifu, na wengine mpaka leo wananunua kuni kwa fedha ambayo ingenunua madaftari.

Lakini katika ugomvi huu wa kuni kitu kingine kimepotea bila kelele. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2011 hakumfuata mama yake msituni hata siku moja. Kwake mlima ni mahali pa kukatazwa, penye askari na tembo wanaokuja kula mpunga. Mwulize jina la mti ulio mbele yake, atakwambia "mti". Bibi yake anayajua majina, lakini majina hayafundishwi vizuri barazani mti wenyewe ukiwa haupo. Ndiyo maana tunasema: mlango wa zamani umefungwa, lakini upo mlango mwingine, nao ni geti. Tuutumie.

KWA NINI MVUA INAPENDA MLIMA

Kabla ya kwenda, mzazi ajiandae kwa maswali. Watoto wakifika mlimani wanauliza bila kuchoka, na swali la kwanza huwa: maji haya yote yanatoka wapi?

Tazama sufuria ya maji jikoni. Yakichemka, mvuke unapanda na kugusa kifuniko. Kifuniko hakina joto kama maji, kwa hiyo mvuke unapoa na kugeuka matone. Mlima unafanya kazi inayofanana na hiyo. Upepo kutoka Bahari ya Hindi unakuja umebeba mvuke. Unapita tambarare, halafu unakutana na Udzungwa umesimama kama ukuta. Hauna njia ila kupanda. Nako juu ni baridi, maana kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kwa nyuzi 6 hivi. Mvuke unapoa, unakuwa wingu, wingu linakuwa mvua. Kwa sababu hiyo upande wa Kilombero ambao upepo unaupiga kwanza ni wa kijani na una maji mengi. Upepo ukivuka na kushuka upande wa pili, kuelekea Iringa, mvuke mwingi umekwisha kumwagwa, na huko nchi ni kavu zaidi.

Halafu kuna kazi ya msitu. Mvua ikipiga ardhi tupu inateleza na udongo mtoni, na kesho yake mto umekauka. Ikiangukia msitu inapokelewa kwanza na majani, ikafika chini polepole, ikanywewa na majani makavu na mizizi. Msitu unayaachilia maji kidogo kidogo, mpaka kiangazi. Katika Udzungwa msitu huu unaanza chini bondeni, kama mita 250 kutoka usawa wa bahari, na kuendelea bila kukatika mpaka zaidi ya mita 2,000. Misitu ya namna hiyo imebaki michache sana katika Afrika ya Mashariki.

Maji ya mito hii yanaingia mto Kilombero. Kilombero ukikutana na Luwegu unazaliwa mto Rufiji. Na katika Rufiji lipo bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo mtoto akiweka mguu katika kijito cha Sanje, mwambieni kwamba maji hayo yanakwenda kusukuma mitambo ya umeme na baadaye kufika baharini. Hatasahau.

NJIA GANI, NA MTOTO WA UMRI GANI

Ziko njia kadhaa za kutembea, fupi na ndefu. Nyingine ni za siku mbili au zaidi, na hizo ziwaachie vijana wenye nguvu. Kwa wazazi wenye watoto tunapendekeza mbili.

Ya kwanza inaanzia hapo Mang'ula, makao makuu ya hifadhi, kwenda kwenye maporomoko madogo yanayoitwa Prince Bernhard. Jina hilo ni la mwana wa kifalme wa Uholanzi aliyekuja kwenye uzinduzi wa hifadhi mwaka 1992. Ni mwendo mfupi. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuumudu, na mara nyingi mbega huonekana kabla hamjafika mbali.

Ya pili ni ya Sanje, na hii ndiyo inayosifiwa. Inaanzia kijiji cha Sanje, kilomita kama 10 kutoka Mang'ula. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170, yakishuka kwa ngazi tatu. Fikirieni minazi minane mirefu iliyosimama mmoja juu ya mwingine. Mtu mzima anatumia kama saa nne kwenda na kurudi. Mkiwa na watoto hesabuni saa tano au sita, maana mtoto hatembei kama askari. Anakimbia, anasimama, anakaa chini kutazama mdudu, kisha anasema amechoka. Mwacheni atazame. Amekuja kutazama. Kwa maoni yetu njia hii inafaa watoto kuanzia miaka minane au tisa. Ina mwinuko mkali na mawe, na mtoto wa mgongoni atamtesa mama yake bure.

Majira mazuri ni kuanzia Juni mpaka Oktoba. Mwezi wa Machi mpaka Mei mvua ni kubwa, njia inateleza kama sabuni, na ruba wanafurahi. Maporomoko wakati huo yanatisha kwa uzuri, lakini nendeni wakubwa peke yenu.

Vaeni viatu vya kufunga. Kandambili zinakatika, na mguu wa mtoto unapasuka kwenye jiwe. Suruali ndefu ni nzuri hata kwa wasichana, na miisho yake iingizwe ndani ya soksi kwa sababu ya siafu na kupe. Bebeni sweta au kitenge cha kumfunika mtoto akilowa. Chakula kiwe cha mkononi: viazi vya kuchemsha, mihogo, mayai, ndizi. Maji mengi. Mabaki na mifuko mrudi navyo nyumbani, hata ganda la yai, maana kima akizoea chakula cha watu anakuwa mwizi, na kima mwizi anauma.

GETINI

Fikeni mapema, saa moja au saa mbili asubuhi. Hapo getini pana bango lenye sheria za hifadhi. Sasa hapa tunawaomba jambo moja ninyi mliohitimu kisomo. Msipite tu. Simameni, mkawasomee watoto bango hilo kwa sauti, neno kwa neno. Mkikwama kwenye neno, mtoto wa darasa la nne atawasaidia, na hakuna aibu. Kisha kuna kitabu cha wageni. Mwandike majina yenu kwa mkono wenu wenyewe. Tunamjua mzee mmoja ambaye tangu kuanzishwa kwa hifadhi alikuwa hajapita geti lile, kwa sababu aliogopa kuambiwa "weka dole gumba hapa" mbele ya wajukuu.

Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Mtoto ambaye hajafika miaka 5 hatozwi. Kuanzia miaka 5 mpaka 15 anatozwa kiingilio cha mtoto. Bei hupangwa upya mara kwa mara, kwa hiyo ulizeni kabla ya siku ya safari. Pia mjue kwamba hifadhi haipokei noti mkononi. Mtapewa namba ya malipo, na fedha mtalipa benki au kwa simu. Ni vizuri mtu mmoja wa kikundi alishughulikie jana yake, la sivyo mtakaa getini mpaka jua linapanda na watoto wamemaliza chakula chote.

Msiingie bila mwongozaji. Wengine watasema, "Aa, mlima huu tumezaliwa nao, wa nini kuongozwa?" Ni kweli mmezaliwa nao, lakini tembo na nyati nao wamezaliwa humo. Msidhani tembo ni mnyama wa tambarare tu. Wa Udzungwa wanapanda mlima vizuri, na njia mnayopita ninyi huenda wamepita wao usiku. Mwongozaji anajua kusoma kinyesi na nyayo kama ninyi mnavyosoma gazeti hili. Mtoto akae katikati ya mstari, mtu mzima mbele na mtu mzima nyuma. Ikisemwa simama, wote wanasimama. Sauti iwe ya chini.

Mtoto asitie mkono kwenye shimo wala chini ya jiwe. Asishike majani asiyoyajua, maana upupu upo, na akikuna anazidi kuzisambaza nywele zake. Siafu wakikatiza njia, rukeni mpite upesi bila kusimama katikati kuwashangaa.

NGOLAGA NA KWARE

Ndani ya msitu, vichwa vyote vitatazama juu. Mbega ndio wengi. Kuna mbega mweusi mwenye manyoya meupe, na kuna mbega mwekundu mwenye nywele nyekundu kichwani. Huyu mwekundu anapatikana katika milima hii ya Udzungwa tu. Waambieni watoto wamtazame mikono: mbega karibu hana dole gumba. Lina kisehemu tu kama kinundu. Anashika tawi kwa vidole vinne kama ndoano. Tena anakula majani, na tumbo lake lina vyumba kama tumbo la ng'ombe, ndiyo maana mchana anakaa kimya juu ya tawi kama mtu aliyeshiba ugali.

Mkisikia mlio wa nguvu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto halafu anagugumia, huyo ni ngolaga. Ni nyani wa kijivu, mwenye uso mweupe-mweupe na nywele zilizosimama kichwani, na muda mwingi anatembea chini kutafuta mbegu na matunda yaliyoanguka. Duniani kote hayupo mahali pengine ila Udzungwa. Hadithi yake tunaipenda. Mwaka 1979 wataalamu wawili walikuwa msituni wakichunguza mbega wekundu. Wakasikia mlio wasioujua. Wakamwuliza mwenyeji aliyewaongoza, naye akajibu bila kusita: ni ngolaga. Vitabu vyote vya wanyama vya dunia vilikuwa havina mnyama huyo. Watu wa Sanje walikuwa naye, na jina walikuwa nalo. Leo wataalamu wanamwita kwa jina la Sanje.

Tena kuna kware wa Udzungwa. Huyu alijulikana kwa wataalamu mwaka 1991, na hawakumkuta akiruka. Walikuwa kambini msituni, wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya chungu cha mchuzi. Mpishi alikuwa anamjua zamani, na huenda alijua hata kiasi cha chumvi anachotaka.

Tunazisimulia hizi kwa sababu watoto wanazicheka, na pia kwa sababu zina jambo zito ndani yake. Ujuzi ule ulikuwa wa wazee. Wataalamu waliuandika, lakini waliuchukua kinywani mwa mwanakijiji. Sasa kama mjukuu wa mwanakijiji huyo hajui ngolaga ni nini, kesho mtaalamu akija atamwuliza nani? Itabidi mjukuu amwulize mtaalamu. Kwa hiyo mkiunda kikundi cha safari, chukueni na bibi mmoja au babu mmoja ambaye magoti yake bado yana nguvu. Mwongozaji ataeleza ya kitabuni, mzee ataeleza ya zamani: mti huu ulitumika kuchonga kinu, gome hili lilitibu tumbo, hapa palikuwa na njia. Mkubwa mmoja aandike majina hayo kwenye daftari, na mahali mlipouona kila mti. Msichume wala kung'oa kitu. Jina halina uzito wa kubeba.

KWENYE MAPOROMOKO

Mtayasikia kabla ya kuyaona. Hewa inakuwa ya baridi, na matone madogo yanapepea usoni kama manyunyu. Chini kuna dimbwi, na watu huoga hapo. Tafadhali, hapa ndipo pa kuogopa kuliko tembo. Mawe yana ukungu wa kijani na yanateleza. Maji yanayoanguka yanachimba, kwa hiyo kina hubadilika ghafla. Kila mtoto awe na mtu mzima wake wa kumshika mkono, kwa jina, mmepangana kabla hamjatoka nyumbani. Wacheze ukingoni tu. Mvua ikionekana huko juu, tokeni majini mara moja hata kama kwenu jua linawaka, maana mto wa mlimani unajaa ghafla.

Mkipanda kwenye ngazi ya katikati, geukeni nyuma. Bonde lote la Kilombero liko chini yenu: mashamba ya miwa, mpunga, mabati ya nyumba yanayong'aa. Waacheni watoto watafute nyumba yao. Watabishana sana. Ni mara yao ya kwanza kuona kijiji kama mlima unavyokiona, na hapo wataona pia kwa macho yao mahali msitu unapoishia na shamba linapoanza, mstari ulionyooka kama umekatwa kwa panga. Mkiulizwa kwa nini tembo wanashuka shambani, onyesheni mstari huo. Zamani tembo walikuwa wanavuka bonde kwenda upande wa pili. Njia zao tumezijaza nyumba na mashamba. Baadhi ya wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, maana tembo na ukubwa wake wote anakimbia nyuki, na asali juu. Mtoto atataka kujua kwa nini. Nyuki huuma ndani ya mkonga na kuzunguka macho, penye ngozi laini.

BARUA YA KUOMBA SAFARI

Familia moja inaweza kwenda yenyewe, lakini kikundi ni nafuu, hasa kwa gharama ya mwongozaji na gari. Darasa la kisomo linaweza kwenda pamoja na watoto wao. Andikeni barua wiki mbili kabla. Isiwe ndefu. Kwa mfano:

Kwa Mhifadhi Mkuu, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, Mang'ula.

Ndugu, sisi ni wanakisomo wa kijiji cha (jina la kijiji). Tunaomba kutembelea maporomoko ya Sanje siku ya Jumamosi, tarehe (tarehe). Tutakuwa watu wazima 9 na watoto 14. Watoto 3 wana miaka 9, watoto 11 wana miaka 10 hadi 14. Tunaomba mtupatie waongozaji, mtueleze kiingilio cha kila mmoja, na jinsi ya kupata namba ya malipo. Tutakuwa na mzee mmoja wa miaka 67 anayejua majina ya miti. Wenu, (jina na sahihi ya mwenyekiti wa kikundi).

Umri wa kila mtoto msiuache, kwa sababu kiingilio kinaufuata. Weka pia namba ya simu ya mtu mmoja anayepatikana. Barua ipitie kwa mtendaji wa kijiji apige muhuri, na nakala moja ibaki darasani.